Alama Nyekundu kwenye Mrija

Mwaka ule wa hamsini na kitu nilitoka shuleni na diploma ya maabara, nikapangiwa hospitali ya Gisenyi. Mashine ya kuzungusha mirija ya vipimo tuliyoitumia shuleni ilikuwa na vikombe vinavyoning'inia. Ikikimbia vinalala, na mashapo yanatuama chini kabisa ya mrija. Ya Gisenyi kichwa chake kilikuwa chuma kimoja kizito chenye matundu yaliyoinama, yasiyocheza.

Msaidizi wa maabara, mzee wa mtaa wa Mbugangari aliyeanza kuosha mirija kabla mimi sijajua kusoma, alininyooshea penseli nyekundu.

"Weka alama upande wa inje, Bwana Diplome. Uchafu inashikamana pale, haiko chini."

"Najua," nikasema. Sikujua.

Siku hiyo tulikuwa na maji ya uti wa mgongo ya mama mmoja muuza samaki, aliyelazwa shingo imekaza. Mrija wa maji matupu, wa kusawazisha uzito upande wa pili, niliupima mara nne, nikiogopa mashine itatikisika. Nikawaza uzito, nikawaza vizibo, nikawaza daktari ananionaje. Penseli ikabaki mezani. Mashine iliposimama nilitazama chini ya mrija, sikuona kitu. Nikamwaga maji ya juu kwenye sinki, mrija nimeushika hovyo, na ukungu mweupe uliokuwa umeshika ubavuni, mashapo yenyewe, ukaenda nayo.

Daktari alipouliza majibu, mdomo wangu ulitangulia: "Mrija umepasuka ndani ya mashine."

Kukagua mirija ilikuwa kazi ya mzee. Aligombezwa mbele yangu, kwa Kifaransa. Alinitazama mara moja, akatazama sinki. Nilisubiri aseme. Akachukua mrija mwingine, akaanza kuukagua, nami nikatazama pembeni.

Sindano ikabidi irudi mgongoni. Mimi ndiye niliyemshika yule mama mabega.

"Ile ya kwanza iko wapi, mwanangu?"

"Imepotea, mama."

"Bon. Mupoteze na hii basi, mugongo yangu ni soko, kila mutu anakuja kuchukua." Akacheka, kisha akalia.

Maabarani, mzee aliuchukua mrija mkononi mwangu, akachora mstari mwekundu, akautia tunduni alama ikitazama nje. Safari hii vijidudu tuliviona. Mama akapewa dawa, akapona.

Siku ya kutoka alikuja kunishukuru mimi. Mzee alikuwa karibu na dirisha, akiinua mirija mmoja mmoja kwenye mwanga, akitafuta nyufa ambazo hazikuwepo.