Mama Fundo na Jedwali la Mishahara

Kiwandani walimwita Mama Fundo, na fundo lenyewe lilikuwa la uzi, si la moyoni. Kwa miaka kumi na miwili alitembea kati ya mashine za kusokota, masikio kayaziba kwa pamba, macho yakisaka uzi uliokatika. Akiuona, kufumba na kufumbua umeshaungwa, naye keshapita. Hakujaliwa kimo, ila mwendo wake uliwachosha warefu.

Kisha nguo za bei poa kutoka nje zikajaa madukani. Kiwanda kikapunguza zamu, kikapunguza watu, mwisho kikafunga geti. Watu mia tatu wakarudi nyumbani. Mumewe, fundi seremala asiye na maneno mengi, alimtazama asubuhi moja akiifuta meza ileile mara ya nne.

"Mke wangu," akasema, "hiyo meza nimeipiga msasa mwenyewe. Katafute kazi kabla hujaitoboa."

Akatoka. Kwenye ubao wa ofisi ya takwimu akakuta tangazo: wanatakiwa wadadisi wa miezi mitatu, wapite kwa waajiri wa sekta binafsi na kuuliza wameajiri watu wangapi, wanawalipa kiasi gani, na nafasi ngapi ziko wazi. Siku ya usaili alijikuta katikati ya vijana wenye vyeti vinavyong'aa. Msimamizi, mtu mzima mwenye miwani mizito, akamuuliza:

"Umewahi kufanya utafiti, mama?"

"Nimetafuta uzi mmoja uliokatika kati ya mia nne, kila siku, miaka kumi na miwili. Kama huo si utafiti, basi niambie wenyewe ukoje."

Msimamizi alicheka mpaka akavua miwani. Kazi akampa.

Walifundishwa siku tano, wakala kiapo: jibu la mwajiri mmoja halitoki nje, hata kwa mume, hata kwa mama mzazi. Halafu wakaachiwa. Leo yuko jikoni mwa hoteli, kesho karakana ya malori, keshokutwa ofisi yenye wasichana sitini waliovaa vipokea sauti, wote wanaongea na wateja kwa pamoja utadhani ndege mtini. Mtaa mmoja alikuta walinzi wawili, geti kwa geti, kila siku wanasalimiana na kuazimana kiberiti, mmoja analipwa karibu mara mbili ya mwenzake, na hakuna anayejua! Aliuma ulimi, akajaza dodoso.

Mwezi wa pili wakapelekwa mikoa ya juu, safari ya basi ya siku nzima. Huko akaingia kiwanda cha kufungasha dawa. Chupa zinapita kwenye mkanda mbiombio, wanawake wamesimama pembeni, macho hayapepesi. Lebo ikikaa upande tu, mkono unaruka, chupa imetoka. Mama Fundo alisimama pale vidole vikimwasha. Hii si kazi yetu hii? Meneja utumishi akamjibu maswali yote: mwaka jana walikuwa tisini, sasa mia mbili na arobaini, na nafasi bado zipo, tena watu wenye mkono mwepesi wanatafutwa kwa tochi. Siku zote hizo alidhani kazi zimekwisha. Kumbe hazikuisha, zilihama!

Aliporudi nyumbani alimkuta Sindano kibarazani. Huyo ndiye shoga yake wa mashine ya jirani, mwembamba wa mwili na mkali wa ulimi, ambaye tangu geti lifungwe alikuwa akifulia watu nguo.

"Shoga, wewe sasa unaingia kila kiwanda," Sindano akaanza. "Nitajie kimoja tu chenye nafasi. Kimoja!"

"Nimeapa, mwenzangu."

"Mimi na kiapo chako, nani amekula na wewe bakuli moja miaka kumi?"

Mama Fundo akatikisa kichwa. Sindano akainuka, akaondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo wakipishana njiani ikawa salamu za mdomo wa juu.

Asubuhi moja Mama Fundo akamfuata msimamizi, akamweleza yote. Yule bwana alimsikiliza mpaka mwisho.

"Jibu la mwajiri mmoja ni siri, hapo umefanya vyema," akasema. "Lakini tukishayajumlisha yote, jedwali ni la wananchi. Hilo likitoka, kalisome hata kwa kipaza sauti."

Wiki sita akasubiri kama mjamzito wa mwezi wa tisa. Siku ripoti ilipotoka alikuwa wa kwanza mlangoni. Alipewa nakala ingali na joto la mashine, akaikumbatia, akaenda nusu kutembea nusu kukimbia hadi karakana ya mumewe, akiwapigia simu wenzake njia nzima. Hata Sindano alikuja, akasimama mbali, mikono kiunoni.

Mume akafagia vumbi la mbao juu ya benchi, ripoti ikalazwa, vichwa vikainama.

"Nyuzi na nguo," akasoma Mama Fundo, "ajira imeshuka, mshahara umesimama palepale. Hilo tunalijua, limetupitia mwilini. Haya, teremka chini. Kufungasha dawa na vyakula: ajira imepanda. Mshahara umepanda. Sasa njoo pembeni, safu ya mikoa. Mikoa ya juu... jamani!"

"Soma, mwanamke!" Sindano akapiga kelele, akiwa keshawapenya wote na kufika benchi.

Akasoma. Kwa kazi ileile ya mkono na jicho, kule wanalipa theluthi zaidi ya kiwanda chao enzi zake nzuri kabisa. Kukawa na vigelegele, mmoja akagonga randa ikaanguka, mwenye karakana hata hakugeuka.

"Huu wastani ndio nini?" mmoja akauliza.

"Mume wangu mrefu, mimi mfupi. Wastani wetu ni mtu wa kati ambaye haishi nyumbani kwetu. Kwa hiyo usiende ukidhani ni lazima upewe hicho. Lakini ukipewa chini yake, uliza kwa nini!"

Sindano alimtazama. "Kumbe ulikuwa umelibeba hili muda wote huo."

"Liliniwasha kuliko upupu."

Wakacheka, wakashikana mikono, yakaisha.

Wiki iliyofuata wanawake wanane walipanda basi la mikoa ya juu, barua za kuomba kazi zimo kwenye mifuko ya nailoni, nakala ya ukurasa ule kila mmoja na yake. Kesho yake saa sita mchana simu ikaita.

"Wamenitajia mshahara!" Sindano alikuwa anapaza sauti kana kwamba simu haipo. "Mdogo, shoga! Nikafungua ukurasa, nikaweka kidole. Meneja akatoka nje, nikajua nimejiharibia. Amerudi na karatasi nyingine, mshahara umepandishwa! Wanane wote wamepata. Wote!"

Mama Fundo alijikuta amekaa chini sakafuni, anacheka na kulia, mumewe kasimama mlangoni na msumari mdomoni akiuliza nani amekufa.

Mkataba wake wa miezi mitatu ulikwisha, lakini msimamizi alimwita tena, safari hii awe kiongozi wa kundi. Duru iliyofuata ikamrudisha kwenye kiwanda kile cha dawa. Meneja utumishi alimkaribisha kiti, akamkodolea macho.

"Mama, ninyi ndio mnaogawa ile karatasi? Siku hizi kila anayekuja kuomba kazi anaitoa mfukoni kama kitambulisho."

"Ndio sisi," akajibu, akivuta dodoso. "Tuanze, bwana meneja. Sasa mna wafanyakazi wangapi?"

"Mia tatu na kumi," akasema yule bwana, kisha akatabasamu. "Andika vizuri. Na tunaendelea."