Kuku wa Marehemu na Yai la Plastiki

Mke wake alipofariki alimwachia kuku.

Alimwachia na vingine: nyumba, sufuria, kitanda kilichokuwa kipana kuliko mahitaji ya mtu mmoja. Lakini hivyo havikulia njaa. Kuku walilia. Asubuhi baada ya maziko, wageni wakiwa bado wamejilaza sebuleni, alisikia kelele za banda akanyanyuka. Hakuwahi kuingia mle. Kazi yake ilikuwa kupiga plasta kuta za watu, na banda lilikuwa la mke. Alipofungua mlango tu, kuku wote walikimbilia ukuta wa nyuma wakapandana kama walioona paka. Akarudi ndani, akavaa koti la kazi la marehemu, lile la kijani lenye madoa ya pumba, akaingia tena. Wakatulia. Wakamfuata miguuni.

Hapo ndipo alipolia. Siku nzima ya msiba hakuwa ametoa chozi.

Basi akaacha plasta, akawa muuza mayai. Watu nao wakaacha kumwita fundi, wakamwita Mzee wa Mayai. Hakuwa mtu wa maneno. Marehemu ndiye aliyekuwa akizungumza kwa niaba ya wote wawili, na sasa aliyebaki alikuwa na akiba ndogo sana ya kuzungumza. Ukimsalimia, anaitika. Ukiuliza kama mayai ni ya leo, anakupa moja ulishike. Basi.

Kila jioni alikuja shemeji yake, mdogo wa marehemu, kumsaidia kupanga mayai kwenye trei na kumchokoza.

"Shemeji, ukizidi kunyamaza hivi, hawa kuku nao wataacha kuwika."

"Hawawiki. Ni majike watupu."

"Eh! Kumbe ulimi bado upo! Nilidhani uliuza pamoja na vifaa vya plasta."

Mambo yalikwenda. Hayakuwa mazuri, ila yalikwenda.

Halafu Jumatatu moja trei zilirudi nyumbani kama zilivyotoka. Mama muuza chai wa pale kona, ambaye alichukua mayai tangu enzi za marehemu, alijifanya anakoroga birika. "Leo hatuhitaji, mzee." Kesho yake akasema hivyo hivyo, na birika lenyewe lilikuwa tupu. Wateja wa nyumbani waliosikia hodi yake walituma watoto waseme mama hayupo.

Shemeji ndiye aliyeleta jibu, ndani ya simu yake. Ilikuwa video. Mtu asiyeonekana uso, mikono tu, analiangusha yai juu ya meza. Yai linadunda. Anachukua jingine, analivunja, anabandua ule utando mweupe wa ndani. "Tazameni wenyewe, hii ni nailoni. Mayai ya plastiki yameingia mitaani. Yanaleta saratani. Sambaza, uokoe maisha."

Mzee aliomba aione tena.

"Huo ni utando wa yai," alisema. "Kila yai unalo. Nimeubandua tangu nina meno ya utotoni."

"Sasa mimi unaniambia ya nini? Waambie wao."

Video haikumtaja mtu wala mahali. Lakini katika mtaa ule nani mwingine aliuza mayai? Kila aliyeitazama alimaliza sentensi mwenyewe.

Aliyeiingiza kwenye kundi la mtaa alikuwa msusi mwenye saluni ya barabarani. Walimwita Redio, na hakukasirika, alilipenda jina. Hakuwa mtu mbaya. Bomba la maji lilipopasuka, yeye ndiye aliyetangaza mpaka mafundi wakaja. Mtoto wa watu alipopotea, ni tangazo lake lililomrudisha kabla ya chakula cha mchana. Ndiyo sababu neno lake halikuulizwa maswali. Alikuwa amesema kweli mara nyingi mno.

Kuku hawakujua habari hizo. Walikula vilevile. Gunia la chakula likashuka, likalegea, likakunjwa. Mayai yakajaa ndoo, yakajaa beseni, na mzee akawa anakula mayai asubuhi na jioni kwa hasira.

Mchuuzi wa kuku wa nyama huwa na pua ya mambo kama hayo. Alikuja, akachungulia bandani, akapiga mluzi.

"Mzee, hawa ukiwaacha watakufia mikononi. Jumamosi naleta matenga, nawazoa wote."

Mzee aliitikia kwa kichwa.

"Umekubali?" shemeji aliuliza mchuuzi alipoondoka. "Kuku wa dada?"

"Dada yako angewaacha wafe njaa?"

Shemeji alilitazama koti la kijani akageuka. Katika nyumba ile kila kilichokuwa cha marehemu kilikuwa kimenyamaza isipokuwa kuku. Jumamosi nao wangeondoka.

Alhamisi, shemeji alimkokota mpaka saluni. Wanawake walikuwa wamejaa, mmoja chini ya mikono ya Redio, wengine wakisubiri zamu. Wakanyamaza ghafla, kimya cha watu waliokuwa wanakuzungumzia wewe.

"Mzee wangu," Redio alisema, "mimi sina ugomvi na wewe. Lakini watoto wanakula vile vitu. Kama ni mayai ya kweli, tuchukue machache tuyaweke chini ya kuku anayeatamia. Yakiangua, mimi nitakupigia magoti."

"Haki kabisa!" wengine wakadakia. "Yaangue tuone!"

"Zungumza mzee, mtaa mzima ukusikie." Redio akainua simu, akaanza kurekodi.

Mzee alivua kofia. Akasema maneno mengi kuliko aliyosema tangu msiba.

"Hayataangua. Mayai yangu hayaangui." Akaigeuza kofia mkononi. "Si plastiki. Kuku wangu hawana jogoo. Marehemu hakutaka jogoo, alisema atawaamsha majirani. Kuku bila jogoo anataga vizuri tu. Ni yai la kula. Halina kifaranga, basi."

Halafu shemeji akaingilia.

"Redio, wewe wale wanao watatu uliwaokota chini ya mto? Au palikuwa na jogoo mahali?"

Saluni ikapasuka kwa kicheko. Hata Redio alicheka mpaka akaangusha kitana. Aliituma ile video kwenye kundi palepale, nzima, bila kuipunguza. "Watu wamsikie mwenyewe," alisema. Hakununua yai, lakini alimshika mzee mkono. Mzee alirudi nyumbani akiona barabara imenyooka kidogo.

Ijumaa alikwenda sokoni kubembeleza apewe pumba kwa mkopo. Mbeba mizigo asiyemjua alimtazama, akamtazama tena, akapaza sauti: "Plastiki huyo!" Wengine wakageuka. Mmoja akamwelekezea simu usoni aone. Alijiona yuko saluni, kofia mkononi. "Hayataangua. Mayai yangu hayaangui." Inaishia hapo. Juu yake yameandikwa maneno, na kwa kuwa mzee hakujua kusoma, yule mtu alimsomea, kwa furaha: MUUZAJI AKIRI.

Alirudi bila pumba.

"Nimesema mwenyewe," alimwambia shemeji.

"Hukusema hivyo!"

"Nimesema. Sauti ni yangu, kofia ni yangu. Hata mimi ningejiogopa."

Jumamosi mchuuzi alifika na matenga yake. Alitaka vijana wake waingie bandani, mzee akawazuia. Alivaa koti la marehemu, akawakamata mwenyewe, mmoja mmoja. Hawakukimbia. Walijileta. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Shemeji alikaa jikoni, mlango umefungwa.

Tenga la kwanza lilikuwa limejaa na kufungwa kamba pale geti liliposukumwa. Aliingia Redio, ndala ya mguu wa kulia nyekundu, ya kushoto ya bluu. Nyuma yake alikuja mteja wake, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka.

"Simamisheni! Mzee, simama kwanza!" Alikuwa anahema. "Nimetumiwa video yangu mwenyewe! Na binamu yangu wa mbali huko, ananionya nijihadhari na mzee fulani. Mzee fulani! Saluni ni yangu, kioo ni changu, mpaka kiganja changu kinaonekana kwenye kioo! Na wamekukata maneno!"

Shemeji alifungua mlango wa jikoni.

"Mimi nilishika simu hii," Redio aliendelea, sasa polepole. "Ulichosema baada ya pale nilikisikia kwa masikio yangu. Nikajiuliza. Kama yangu wameikata hivi, ile ya yai la kudunda aliyeishika nilimjua?"

"Ulimjua?" shemeji akauliza.

"Nitamjua wapi! Mikono tu ile!"

"Na mimi unanimalizia lini?" mteja alilalamika, akishika upande wa kichwa uliotimka.

"Ngoja, mama. Naomba radhi kwanza." Akamgeukia mzee. "Nimewatumia watu wote ile nzima, na sauti yangu juu. Nimesema niliwaletea kitu nisichokijua kilikotoka. Nimesema nakuja kuchukua trei, anayetaka aje anione nikila."

Mzee alibaki amemshika kuku kifuani.

Wa kwanza kufika alikuwa mama muuza chai, akiwa bado na aproni. "Wateja wamenichosha, kila siku chapati tupu, chapati tupu. Nipe zangu mbili, mzee, na unisamehe lile birika." Wakafuata wengine, si wote. Jirani wa ng'ambo ya barabara mpaka leo hagusi yai, na ukimuuliza anasema mambo ya simu hayatoki hewani. Shauri yake. Lakini uani palikuwa na watu wa kutosha, na kila mmoja alikuwa na trei mkononi.

"Sasa mimi?" mchuuzi alifoka. "Gari nimejaza mafuta nije kutazama watu wananunua mayai?"

"Chukua moja," shemeji alimwambia. "Ukalidundishe njiani."

Hata vijana wake walicheka. Mzee aliinama, akafungua kamba ya tenga. Fundo lilikuwa limekaza, ikabidi yule mteja wa nusu kichwa amsaidie. Kuku wakatoka wakijikung'uta, wakatawanyika katikati ya miguu ya watu, wakaanza kuchakura kana kwamba hawakuwahi kwenda popote.

Aliwajazia maji. Kisha aliingia ndani akajilaza mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana. Nje alisikia sauti ya shemeji ikibishana na wateja, kuku wakilalamika, mtu akicheka. Usingizi ukamchukua katikati ya kelele hizo.

Shemeji alikuja kugonga mlango jua likiwa limeinama.

"Shemeji. Yamekwisha mpaka ya kwenye beseni. Wengine wanauliza."

"Waje kesho," alisema, akageukia upande wa pili.