Nilivyomwacha Shemeji Njiani Kwenda Kigwa

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni seremala mjini Tabora. Mwaka ule tulipokata shauri kuendesha baiskeli kutoka Manyoni hadi kwake, alikuwa amepita hamsini na tano, mimi sijafika arobaini. Wazo lilikuwa langu. Mimi ni mwalimu, nilitaka kuifuata njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi na pembe mabegani. Yeye alitaka kitu kimoja tu: kuingia mtaani kwake juu ya baiskeli. Alishawatangazia majirani wote.

Siku ya nne tulitoka Tura alfajiri. Lami ilikuwepo, nzuri kabisa, lakini nikasema tushike njia ya mchanga inayoambaa na reli.

"Mchanga huo utatumaliza, shemeji," akasema.

"Wapagazi walipita na mizigo kichwani."

Akacheka, akageuza usukani akanifuata.

Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi. Kufika saa nne jua lilikuwa linachoma mpaka kwenye mikono ya baiskeli. Magurudumu yalizama, tukawa tunashuka na kukokota, tunapanda hatua chache, tunashuka tena. Mbung'o walituuma kupitia mashati. Na shemeji hakupita mtu bila kumsalimu. Akiona mama anatoka kisimani, "Mwangaluka!" kisha habari za nyumbani, za mifugo, za mvua. Akiona mninga ulionyooka, anasimama kuupapasa gome. Nilikuwa nimepanga tufike Kigwa saa nane, na kila aliposimama nilihisi ananiibia muda.

Aliposimama mara ya nne au ya tano, nikamfokea.

"Shemeji, unanichelewesha! Kama umechoka, sema!"

Alinitazama kidogo, akafuta jasho kwa kofia yake. "Sijachoka. Tangulia, nitakukuta."

Nikatangulia. Pampu, viraka na spana vilikuwa kwenye mkoba wangu. Yeye alibeba mikate na tende. Simu yake ilikuwa imeisha chaji tangu Tura. Hayo yote niliyajua nilipokuwa naondoka. Sikusahau, ila nilijiambia hakuna litakalotokea.

Kigwa nilifika kabla ya saa nane. Nikakaa kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza chai karibu na reli, nikamwambia namngoja mwenzangu, nikala chapati tatu. Nikiri tu: nilikuwa na furaha. Nilitaka aje anikute nimepumzika, nimenawa uso, ajue nani alikuwa sahihi. Saa ikapita. Nikasema moyoni, amekutana na watu wake huko, anazungumza. Ikapita ya pili. Mama wa chai akaniuliza, "Mwenzako hujamfuata?" Nikamjibu kwamba anaijua njia.

Jua lilikuwa linazama nilipomwona. Alikuwa anatembea, anachechemea, anasukuma baiskeli ambayo gurudumu la mbele limeisha upepo. Kandambili moja imekatika, kaifunga kwa kipande cha kamba ya katani.

"Umeshakula?" lilikuwa neno lake la kwanza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Tyubu ilipasuka muda mfupi baada ya wewe kuondoka. Ndiyo nikakumbuka pampu unayo wewe."

Niliziba tyubu nimeinamisha uso, nikajitia kutafuta tundu jingine ambalo halikuwepo.

Asubuhi goti lake lilikuwa limevimba kama kibuyu. Kulikunja hawezi. Tukapata lori la mahindi linalokwenda mjini, tukapandisha baiskeli yake juu ya magunia. Akiwa tayari ameshika mlango, akaniambia, "Dada yako akikuuliza, mwambie ni goti tu. Mengine hayana haja."

Nikakubali upesi mno.

Niliingia Tabora peke yangu, juu ya baiskeli. Majirani walikuwa wametoka nje, wanawake wakanipigia vigelegele, mtu akanipa maji ya baridi. Shemeji alikuwa amekaa barazani, mguu juu ya kigoda. Fundi viatu wa jirani akamtania, "Mzee, baiskeli imekupakia au umeipakia?" Watu wakaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao. Neno moja tu kutoka kwangu lingetosha. Nikaendelea kunywa maji.

Tangu hapo hajaendesha tena baiskeli safari ndefu. Anakwenda nayo sokoni na msikitini, basi. Mwaka jana nilipomtembelea nikamkuta karakanani kwake, nyuma ya nyumba, anapiga randa, na safari hii nikajikaza.

"Shemeji, siku ile ya Kigwa nilikukosea. Naomba unisamehe."

Aliiweka randa chini. "Yalishapita. Kutembea si kitu. Ila nilipata hofu." Akapangusa mavumbi ya mbao mikononi. "Nilijua ungengoja mbele kidogo. Nilipoona huonekani nikadhani umeanguka. Kila penye korongo niliiweka baiskeli chini, nikashuka kukutafuta. Goti liliteguka kwenye moja ya makorongo hayo."

Nikainama kuokota vipande vya mbao sakafuni. Wakati huo dada akatokea mlangoni amebeba birika la chai, akatuangalia mmoja mmoja.

"Mbona mmenyamaza? Mlikuwa mnaongea nini?"

Shemeji akanitazama, akaniachia nijibu mimi.

"Mazungumzo tu," nikasema.

Dada akaweka birika juu ya benchi, akarudi jikoni.