Mwaka Niliobaki na Ng'ombe wa Mama

Kwetu Krismasi haiishi siku yake. Siku yenyewe ni ya kanisa na pilau, ya pili yake ni ya mbuzi na wakwe, na ya tatu, au ya nne kama mvua imetukatalia, ndiyo ya mtoko. Tunapanda mapema kutoka mjini, mimi na watu wangu kutoka Sokon One, kaka yangu na watu wake kutoka Ngarenaro, tunakutana kwa mama kule juu Meru. Tunakunywa chai, tunapakia masufuria, tunaondoka. Tumeshakwenda Duluti, tumeshakwenda kuogelea, ziwani Momela ndiyo hatuhesabu tena. Na kila mwaka, gari likishajaa, mama anasimama pale penye migomba, mkono mmoja kiunoni, anatuambia, "Nendeni, nendeni. Mimi na ng'ombe tutakula sikukuu yetu."

Na sisi tunaenda! Watu wazima, na elimu zetu, tunaenda.

Sijui nijitetee vipi. Ng'ombe wa mama ni mmoja, wa maziwa, na ndama wake, kwenye banda la mbao nyuma ya jiko. Hakubali mkono wa mtu mwingine. Mwaka ule mama alipolazwa siku mbili, jirani alijaribu kumkamua, ng'ombe akabana maziwa mpaka kiwele kikavimba, ikabidi daktari wa mifugo aje na sindano zake. Tangu hapo mama hatoki. Kanisani anarudi matangazo hayajaisha. Msibani hakai mpaka jioni. Sisi tukajiambia kwamba mama hapendi kutembea, ndivyo alivyo. Jambo ukijiambia miaka mingi linageuka kuwa kweli, hasa kama linakupa nafasi ya kukaa vizuri kwenye gari.

Aliyetuumbua ni binti yangu wa miaka sita. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, anapekua picha kwenye simu yangu: Duluti, Momela, kaka na kofia yake ya kijinga, watoto na soda mikononi. Akaniuliza, "Mama, hapa bibi alikuwa hajazaliwa?"

Nilicheka. Nikaenda jikoni nikacheke vizuri, nikajikuta nalia juu ya vitunguu ambavyo sijaanza hata kuvimenya. Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema. Lakini huyu ni mama yetu, na kila sufuria iliyoonekana kwenye picha zile alikuwa ameipika yeye.

Nikampigia kaka. Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea, mtu wa maneno machache kwa sauti kubwa. Akasema, "Mwaka huu anaenda. Wewe unabaki."

"Kwa nini mimi?"

"Mimi ng'ombe naogopa. Unajua."

Najua. Mtu wa kilo tisini, baba wa watoto watatu, banda la ng'ombe analizunguka kwa mbali kama linawaka moto.

Mama tulimwambia siku ya Krismasi, tumetoka ibadani. Alikataa hatujamaliza kusema. Kwanza gari litajaa. Halafu goti linamsumbua. Halafu ndiyo akamtaja ng'ombe. Nikamkumbusha kwamba nikiwa shule ya msingi nilikuwa nakamua kila asubuhi.

"Ulikuwa unamkamua bibi yake," akanijibu. "Huyu hakujui."

Wajukuu wakamzunguka, mmoja kamshika gauni, mwingine kakaa juu ya miguu yake. Mama akaanza kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

"Haya," akasema. "Nitaenda. Ila sikilizeni, nyie watu. Nikirudi nikakuta maziwa yamebanwa, msinitajie tena habari za kutembea. Nitakaa kwangu na ng'ombe wangu mpaka Mungu aniite."

Hakuwa anatania. Mama akisema "sikilizeni, nyie watu", hapo hakuna rufaa. Basi mambo yakawa hivyo: ndoo moja ya jioni ndiyo itakayoamua kama mama yetu atatoka tena nyumbani au la, na mwenye kushika ndoo ni mimi, ambaye maziwa nanunua dukani kwenye pakiti.

Siku ya mtoko mama alitoka chumbani amevaa gauni la kitenge cha bluu tulilomshonea kwa harusi ya kaka, na viatu vyeupe vya kanisani. Kajipaka mafuta mpaka magotini.

"Hee, mama! Unakwenda kuolewa?"

"Nyamaza wewe. Ng'ombe umemwangalia?"

Akakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani. Maagizo yakaanza kutoka dirishani. Majani saa tisa. Pumba kabla ya kukamua, siyo baada. Kiwele kioshwe na maji ya uvuguvugu. Ndama anyonye kidogo tu, ya kuita maziwa, kisha aondolewe. "Kidogo, umenisikia? Ukimwacha atamaliza." Nikaitika ndiyo mama, ndiyo mama, mpaka kaka akawasha gari. Likashuka hadi kwenye kona ya kahawa, likasimama. Likarudi kinyumenyume. Nikajua ameghairi. Mama akashuka, akapita mbele yangu bila kunitupia jicho, akaingia bandani, akasogea sikioni kwa ng'ombe, akamwambia maneno kwa Kimeru. Nilisikia nusu: anarudi leo leo, asiwe na wasiwasi. Kisha akarudi garini wakaenda. Mimi sikuagwa.

Saa nne akapiga simu: amekula? Saa sita akapiga: amekunywa? Nyuma yake nasikia watoto wanapiga mayowe na kaka anabembeleza, mama weka simu, twiga huyo, mtazame twiga! Saa nane hakupiga. Saa tisa hakupiga. Nikawa nafurahi na kuumia, kwa zamu.

Ilipofika saa kumi na moja nikavaa kanga yake na sweta lake la bandani, lenye harufu ya moshi na maziwa, ili ng'ombe asinishtukie. Nikampa pumba. Nikaosha kiwele. Nikamwachia ndama. Hapo hapo simu ikatikisika mfukoni. Kaka ametuma picha. Mama yuko ukingoni mwa ziwa kule Momela, kavua viatu kavishika mkononi, na nyuma yake kwa mbali heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, wamejipanga kwenye maji kama kamba ya nguo. Hatazami kamera. Anatazama kitu nje ya picha, na mdomo umeachia kidogo. Sijawahi kuuona uso ule. Nikaikuza picha. Nikaikuza tena, nitazame macho.

Nilipoinua kichwa, ndama ana povu mpaka masikioni.

"Yesu wangu!" Nikamvuta kwa kamba, akagoma, tukavutana pale mpaka kanga ikanivuka. Chuchu mbili alikuwa amezimaliza. Nikakaa kwenye kigoda nishike zile mbili zilizobaki, ng'ombe akainua mguu, ndoo ikaruka hadi ukutani. Nikaiokota, nikaiosha, nikakaa tena. Nikavuta: tone. Nikavuta: hakuna. Kiwele kimejaa, unakiona kabisa kimejaa, na yeye kabana kama anayesema, maziwa haya siyo yako. Nikamwimbia pambio la kanisani. Akageuza shingo akanitazama, akaendelea kucheua.

Nikasema basi, nimpigie mama, niweke sauti kubwa, aongee naye. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye jina lake. Lakini ningempigia, angejua maziwa yamekwama, na angesema nirudisheni, na huo ndio ungekuwa mwisho wa safari zake duniani. Nikakaa na simu mkononi nikiitazama. Ndipo nikaziona.

Mama hapendi kuandika. Anatuma sauti. Ndefu! Dakika mbili, dakika nne, kila siku ya Mungu. Na nitasema ukweli hata kama unaniaibisha: nilikuwa nasikiliza sekunde chache za mwanzo, nikishajua hakuna mgonjwa wala msiba, namtumia kidole gumba. Ziko nyingi, mwaka mzima na zaidi, zimejipanga nusu zimeliwa.

Nikarudi nyuma kabisa nikafungua mojawapo, nikaichomeka simu kwenye ubao juu ya hori.

"Mwanangu, mmeamkaje huko..."

Sikio la ng'ombe likageuka. Nikaona ubavu umeshuka, kama mtu anayeshusha pumzi. Nikashika chuchu taratibu, nikavuta. Yakaja. Mlio ule wa kwanza wa maziwa kwenye ndoo tupu, jamani, nilitaka kupiga vigelegele.

Sauti ikiisha inaingia nyingine yenyewe. Parachichi zimekomaa, amenitunzia kumi, nije kabla hazijaiva zote. Mtoto wa jirani amebatizwa, hakulia hata kidogo. Amekohoa usiku lakini siyo sana. Ameota marehemu baba amekuja kuazima panga. "Haya, una kazi, nisikuchoshe." Kila moja inaishia hapo, nisikuchoshe. Sikuwa najua zinaishia hapo.

Kisha ikaja ya mwaka jana, ya siku ya mtoko. Mwanzo wake niliukumbuka: "Mmefika salama?" Nilimjibu siku ile, tumefika. Mbele yake sikuwahi kufika.

"Nilikuwa nataka kuuliza," mama akasema, na ng'ombe yuleyule analia ndani ya sauti. "Wale ndege, ni kweli wana ile rangi, au ni simu ndiyo inawapaka? Na maji yake, yana harufu? Baba yako aliniahidi atanipeleka, wiki ile ile ng'ombe akazaa. Basi. Ukirudi utanieleza. Usisahau. Haya, nisikuchoshe."

Nilisahau. Nilirudi jioni ile, nikala loshoro ya mahindi na mtindi aliyotuwekea, nikalalamika habari za foleni, nikalala. Hakuuliza mara ya pili. Nikaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, nikalia kwa sauti, kwa sababu hakuna aliyenisikia ila yeye. Mikono haikusimama. Nilikamua mpaka tone la mwisho, na ndoo ikafika nusu.

Walirudi jua linazama. Watoto wamelala, kaka kachomwa na jua. Mama alishuka, akavua viatu, akavaa buti za bandani na gauni lake la harusi, akaingia. Nikamfuata. Wengine wakasimama mlangoni mwa jiko. Akapitisha mkono kwenye kiwele, chuchu moja baada ya nyingine. Akatazama ndoo. Akamtazama ndama, tumbo kama ngoma.

"Ndama kanyonya."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakutazama wewe." Nikamwonyesha picha. "Nikapotea."

Aliishika simu mbali na macho, akajitazama. Akairudisha. Akashika tena kiwele, kama haamini.

"Lakini hakubana," akasema. "Ulimfanyaje?"

"Nilimfungulia sauti zako. Zile unazonitumia."

"Zote?"

"Karibu zote."

"Na ile ya ndege?"

Nilidhani ameshaisahau. Mwaka mzima! Nikasema, "Na hiyo, mama. Nisamehe. Sikuwa nimeisikiliza."

"Najua," akasema. "Ungeisikia ungenijibu." Akaushika uso wangu kwa mkono ule wenye harufu ya kiwele, akanifuta machozi vibaya, kwa nguvu, kama anavyofuta wajukuu makamasi.

Akachukua ndoo, akatoka nayo. Pale mlangoni mwa jiko wote wakajipanga kusubiri hukumu. Kaka kakunja mikono. Binti yangu kaamka, anasugua macho. Mama akaiweka ndoo chini, akajinyoosha mgongo, akatutazama mmoja mmoja.

"Kuna upande wa pili wa lile ziwa hatukufika," akasema. "Mwakani anabaki nani?"