Palizi ya Mke wa Fundi

Sikudhani binti Khamisi alizaliwa Majengo, mjini Dodoma, katika nyumba ambayo kila kitu kilinunuliwa. Maji yalinunuliwa kwa mchota maji, kuni kwa wanawake waliozileta vichwani kutoka vijijini, na unga ulipimwa dukani. Alipoolewa na Bushiri, fundi cherehani aliyeshonea kwenye baraza ya duka la Lalji, mambo yaliendelea vilevile.

Vita vya Hitla vilipokwisha, mjomba wa Bushiri alifariki na kumwachia shamba Kibakwe, kule milimani upande wa Mpwapwa. Wakahama. Bushiri akaweka cherehani yake chini ya kibanda karibu na njia panda, na wateja wakaja. Shamba akamwachia mkewe.

Sikudhani alipanda mahindi na maharage, mvua ikanyesha vizuri, na pamoja na mahindi yakaota majani ya kila namna. Hakuhangaika. Akasimama njiani asubuhi, shilingi zimefungwa kwenye pindo la kanga, akitafuta vibarua.

"Mbukwenyi," aliwasalimu kwa Kigogo kidogo alichojifunza. "Nina palizi. Nitalipa vizuri, tena leoleo."

Walimwitikia kwa heshima, wakampongeza kwa mahindi yake, kisha wakapita na majembe yao. "Leo tuko kwa Matonya, mke wa fundi." Kesho yake walikuwa kwa mtu mwingine. Hata alipoongeza malipo, jibu halikubadilika. Kutoka shambani kwake alizisikia nyimbo zao ng'ambo ya korongo, watu zaidi ya ishirini wakipalilia kwa mstari mmoja, naye yuko peke yake akivimbisha viganja.

Jioni alikwenda kwa jirani yake Zipora, mama mtu mzima aliyekuwa akimgawia mboga tangu siku ya kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

"Watu wa huku hawaipendi pesa yangu. Au hawanipendi mimi."

Zipora alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Nani asiyependa pesa? Lakini nikichukua shilingi yako leo, wiki ijayo nani atanilimia? Shilingi haishiki jembe. Matonya atakuja kwangu, ndiyo maana nilikuwa kwake. Wewe umekwenda kwa nani?"

Sikudhani alitazama viganja vyake vilivyovimba. Hakuwa amekwenda kwa mtu yeyote.

Siku iliyofuata alifunga kanga kiunoni, akaenda na jembe lake kwa watu. Mwanzo ulikuwa wa aibu. Katika shamba la uwele alikata miche akidhani ni majani, na wanawake wakacheka huku wakimwonyesha tofauti. Lakini alibaki mpaka jua lilipopinda. Kazi ilipokwisha, kibuyu cha pombe kikaanza kuzunguka. Yeye ni Mwislamu, alikipisha, na mwenye shamba akamletea uji. Alirudi nyumbani mgongo ukimuuma, na aliimba njia nzima.

Zamu yake ilipokaribia, usingizi ulimpotea.

"Watakuja kulima bila pombe?" alimuuliza mumewe. "Na sisi hatuwezi kuipika."

"Hatuwezi," alisema Bushiri. "Nitachinja mbuzi. Lakini kinywaji sijui."

Zipora ndiye aliyemletea kimea. Usiku kucha wanawake hao wawili walikoroga togwa isiyolevya, mitungi minne, tamu na nzito. Habari zilishaenea, na wazee wengine walisikika wakinung'unika kwamba palizi bila pombe ni msiba.

Kulipopambazuka alikuja Zipora na binti zake. Kisha kimya. Sikudhani alijitia kazini bila kutazama njiani. Jua lilipoanza kuchoma, wakasikia wimbo unapanda kilimani, na mbele yupo Matonya, mtu mrefu mwenye sauti ya ng'ombe dume.

"Togwa!" alinguruma alipoonjeshwa. "Hiki kinywaji cha watoto wachanga!" Akamaliza bakuli, akaomba la pili. Kufikia alasiri shamba lote lilikuwa safi na mbuzi ameliwa mpaka supu. Ndipo Matonya akawatangazia wanaume kwamba mkewe amepika pombe nyumbani kwake, kwa ajili ya mikono iliyolima hapa. Wakamuaga Sikudhani kwa adabu, wakashuka kunywa huko. Bushiri alitikisa kichwa akitabasamu. Hakuna aliyevunja mwiko wake, na hakuna aliyelala na kiu.

Baada ya mavuno, jumbe alipoanza kupita kudai kodi ya kichwa, Matonya alisimama mlangoni kwa Sikudhani.

"Mke wa fundi, una kazi ya kulipa? Sasa naitaka shilingi."

"Matonya! Wakati wa palizi uliikataa."

"Wakati wa palizi nilitaka watu. Serikali haitaki togwa."

Alimpa kazi ya kujenga ghala la mahindi, akamlipa ipasavyo, na kodi ikapatikana bila kuuza ng'ombe. Tangu hapo Sikudhani alijua pa kutumia fedha na pa kutumia mikono, na hakuona kwamba kimoja kinakitukana kingine.

Msimu wa tatu Lalji alituma ujumbe kwa dereva wa lori. Amepata kazi kubwa ya kushona sare, anamhitaji Bushiri arudi mjini, na chumba kipo. Bushiri alimwangalia mkewe, akitarajia aanze kufunga mizigo.

"Haiwezekani," alisema Sikudhani. "Nimelima kwa Zipora, kwa Matonya, na kule kwa wajukuu wa mzee Petro. Wote wanakuja kwangu mwezi huu. Nikiondoka, watamlimia nani?"

Bushiri alicheka, akamwambia dereva ampelekee Lalji salamu nyingi na debe la maharage. Wakabaki Kibakwe. Watoto wao wanne walizaliwa pale, na wote walijua kupalilia kabla ya kujua kuhesabu.