Moyo Uliotakiwa Kupumzika

Sijawahi kujua kukaa. Kwa hiyo daktari wa mjini Morogoro aliponikataza kukimbia miezi mitatu, nilitamani kumzaba kibao. Viwanda vilikuwa vikipigwa bei, kaka zangu walikuwa wamepunguzwa kazi, na kikosi kimoja cha jeshi kilikuwa tayari kuniajiri kwa sababu ya mbio zangu. Lakini eksirei ya kupimwa afya kabla ya kuajiriwa ilionyesha moyo mkubwa, na mapigo yalikuwa ya polepole mno.

"Huenda ni mazoezi, huenda ni ugonjwa," alisema. "Moyo wa mazoezi ukipumzishwa, hupungua. Wako ukigoma, binti, mbio basi."

Nikarudi kwetu, juu huko Uluguru. Sikukimbia hata kidogo. Miguu iliniwasha, usingizi ukanikimbia, nikawa nagombana mpaka na kuku. Siku za soko nilishuka mjini na mama, tenga la karoti kichwani, tukapanda jioni na chumvi na mafuta ya taa. Hayo kwetu hakuna anayeyaita mazoezi. Ni kwenda sokoni tu.

Miezi ilipokwisha, picha mpya ilionyesha moyo ulikuwa vilevile. Nilianza kulia kabla daktari hajasema neno, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

"Umepumzika kweli?"

"Kweli, daktari. Hata leo nimetembea tu, na mzigo wangu."

"Kutoka wapi?"

Nikamwonyesha mlima dirishani. Akauliza nilianza lini kubeba mizigo. Nikamwambia tangu utotoni, kama kila mtu. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Basi huo moyo umeanza mazoezi kabla yako! Anza upya. Usipande, usibebe kitu."

Mama hakubisha. Aliongeza karoti zangu juu ya zake, akawa anashuka peke yake. Mimi nilibaki barazani nikitikisa mguu, nikihesabu wapita njia, nikiuchukia mkeka niliokalia.

Safari hii moyo ulipungua. Daktari aliniruhusu kukimbia, nami nikaupanda mlima mbio, nikicheka peke yangu kama mwehu. Katikati ya njia nilimkuta mama amekaa juu ya jiwe, mzigo chini, mkono kifuani, akingoja pumzi imrudie.

"Wamesemaje?" aliuliza.

"Moyo wangu mzima, mama."

Alishukuru Mungu, akataka kunyanyuka, akashindwa. Furaha yote ikanitoka. Nikajitwika mzigo wake, tukapanda taratibu. Moyo wake yeye hakuna aliyewahi kuupima.