Gemu Zetu za Malindi, na Ile Aliyoipenda Bibi

Sisi tuliokulia Malindi miaka ya themanini hatukuhitaji kuambiwa tutoke nje tukacheze. Kazi ya wazee wetu ilikuwa kuturudisha ndani. Asubuhi tulikwenda shule, alasiri tukaenda chuoni kusoma Kurani, na kipande kile cha katikati, baada ya wali wa mchana na kabla ya mwalimu kuchukua bakora yake, kilikuwa chetu. Wasichana walicheza mdako barazani, wavulana gololi mchangani, na sote pamoja tukacheza nage mpaka jua likatupika vichwa. Mikono yetu ilinuka achari ya embe, meno yalikuwa mekundu kwa mabuyu, na hapakuwa na mtoto ambaye magoti yake hayakuwa na kovu. Mama yangu alikuwa akisema, "Mtoto asiyechafuka ni mgonjwa, mpelekeni hospitali."

Kwa hivyo nikisema nataka kuzipanga gemu za televisheni nilizozipenda utotoni, wenzangu wa rika langu watacheka. Gemu zipi, na stima yenyewe ilikuwa ikija na kuondoka kama mgeni asiyeaga? Zilikuwako. Zilikuwa chache, nazo ninazikumbuka zote.

Ya tano ni ile ambayo sikuicheza hata mara moja. Ilikuwa katika hoteli moja ya watalii ufuoni, kasha refu la mbao lenye kioo, limesimama ukumbini karibu na kidimbwi cha kuogelea. Mimi na Kadzo, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, tulikuwa tukichungulia kupitia ua wa michongoma. Baba yake Kadzo alifanya kazi ya chumvi kule Marereni, akija nyumbani kwa nadra, na Kadzo alijilea kuwa na ulimi wa kumtosha yeye na mama yake. Askari wa hoteli alituambia, "Nyinyi watoto, nendeni kwenu, hapa pana wageni." Kadzo akamjibu, "Kwani wenyeji hawana macho?" Yule askari akageuka upande wa pili ili tusimwone anacheka. Kutoka pale kwenye ua hatukuona zaidi ya mwanga ukimetameta na mgongo wa kijana wa Kizungu, lakini Kadzo alinisimulia kila kilichokuwa kikitokea ndani ya kasha lile: nani amekufa, nani amevuka mto, nani amemwoa binti wa sultani. Yote aliyatunga mwenyewe. Ndiyo maana nimeiweka katika orodha.

Nne zilizobaki zilikuja kwetu ndani ya sanduku la Ami Athmani.

Ami Athmani ni mdogo wake baba. Alikuwa akifanya kazi bandarini Dubai, na kila Idi alikuwa akituma salamu kwamba mwaka huu anakuja. Babu alifariki ghafla, asubuhi moja akiwa amemaliza kusali, akazikwa alasiri ya siku ile ile kama ilivyo ada yetu. Ami alipofika, matanga yalikuwa yameshaanuliwa na mikeka imekunjwa. Nakumbuka aliweka sanduku chini, akaingia chumbani kwa Bibi, akainama kuubusu mkono wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemkosa baba yako," alisema Bibi, akarudi kwenye tasbihi yake.

Tangu hapo hawakusemeshana ila salamu na habari za chakula. Bibi alikuwa amekaa eda ya mumewe, kwa hivyo hakutoka nje, hakujitia manukato wala wanja, na sahani aliyopelekewa ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Alikonda mpaka bangili zikawa zinamteremka. Ami naye alikula barazani peke yake, kama mtu aliyepita njia akakaribishwa.

Ndani ya sanduku lake mlikuwa na joho alilomnunulia Babu, ambalo hakuna aliyethubutu kulikunjua. Na mlikuwa na mashine ya gemu aliyotununulia mimi na kaka yangu Twalib: kisanduku cheusi, kaseti zake nne, na vidude viwili vya kushika mkononi, kila kimoja kina kitufe na gurudumu dogo la kuzungusha, na nyaya fupi kupindukia. Shangazi Rukia, mkubwa wao wote, alipoiona tu akaifunika televisheni yetu kwa leso, akapiga fundo.

"Nyumba ina eda, nanyi mnataka kucheza gemu," alisema. "Watu watasemaje?"

Mashine ikaenda chini ya kitanda. Kisha masika ikaingia. Ilinyesha mfululizo, uchochoro ukawa mto, na sisi tukawa tunapigana ndani kama paka. Shangazi alipokwenda Mambrui kumtazama mgonjwa, Ami aliyafunga madirisha, akaifungua leso, akaunganisha nyaya.

"Sauti chini kabisa," alituambia. "Na mkicheka, chekeni tumboni."

Ya nne, basi, ni ile ya gari. Barabara ilikuwa mistari miwili, na gari lilifanana na kiatu. Televisheni yetu ilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa hivyo hatukuweza kupambanua wapi ni lami na wapi ni majani, na tuligonga miti kwa imani tu. Ya tatu ni ile ya vifaru vya vita, viwili vikiwindana katika uchochoro kama wa mtaa wetu. Twalib aliipenda kuliko zote, kwa sababu alijua kujificha kwenye pembe na kungoja mpaka nichoke kumtafuta. Mpaka leo ni mtu wa namna hiyo; sasa ni wakili. Ya pili ni ile ya ndege, mvua yote ya ndege inakushukia nawe una bunduki moja. Hapo hakuna aliyemweza Kadzo. Alikuja kwetu amejitanda gunia kichwani kwa ajili ya mvua, akashika kile kidude, akawa anabonyeza kitufe kwa pigo moja moja, taratibu, kama mtu anayetwanga mahindi na hana haraka. Twalib alibonyeza kama mwenye homa, akafa mapema. Vijana wa sasa wanapata moyo na nyota na maisha mapya kila wakianguka. Sisi tulipokufa tulimpa mwenzetu zamu, tukakaa nyuma kumpigia makelele ya kunong'ona.

Na ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa sahili kuliko zote, hata haikustahili kuitwa gemu. Vijiti viwili, kimoja kulia kimoja kushoto, na kidoa cheupe kikienda na kurudi kati yake. Tuliiita Kijiti. Siku ile mimi na Twalib tulikuwa tukiicheza, Ami amekaa nyuma yetu, mara tukasikia sauti mlangoni.

"Hicho kidoa kinakwenda wapi?"

Bibi alikuwa amesimama na leso yake ya eda, ameshika kizingiti. Twalib alinyoosha mkono aizime televisheni.

"Usizime," alisema Bibi. "Nimeuliza swali."

"Ni mpira, mama," Ami alijibu, bila kumtazama usoni. "Unaurudisha kwa kile kijiti."

"Na usiporudi?"

"Mwenzako amekufunga."

Bibi alifikiri. Kisha akavuta kigoda, akakaa, akaninyooshea mkono. "Nipa."

Alilishika lile gurudumu kwa vidole viwili, kama anayepunguza utambi wa taa. Mipira ya mwanzo ilimpita yote, akasema mashine ina kasoro. Akamtaka Twalib ampishe Ami, kwa kuwa hawezi kushindwa na mjukuu aliyemkata kitovu kwa mkono wake. Kwa ufupi wa zile nyaya, Ami ilibidi akae ubavuni pake kabisa, bega kwa bega. Mpira wa kwanza alioupata, Bibi alitoa sauti ndogo puani. Mimi niliijua sauti ile. Tangu Babu aondoke, sikuwa nimemsikia akicheka.

Ikawa ndiyo ada ya nyumba. Kila tukitoka chuoni tulikuta Bibi ameshakaa, tasbihi shingoni, anangoja. Alikuwa mwizi mkubwa. Akiona anashindwa alikohoa, au alimwuliza Ami kama maziwa hayachemki jikoni, na Ami akigeuka tu, mpira umempita. Shangazi Rukia aliporudi kutoka Mambrui alitukuta hivyo, akasimama mlangoni na buibui lake lingali na matone ya mvua.

"Mama," alisema, "na eda?"

"Eda ni ya kukaa ndani, nami nimo ndani," alijibu Bibi, macho yake kiooni. "Mimi nimefiwa, Rukia, sikuzikwa. Keti, unanikingia mwanga."

Shangazi alikaa ukingoni mwa kitanda, amenuna. Siku chache baadaye aliomba zamu. Alifungwa vibaya, akadai kile kidude kilikuwa kinampiga stima.

Lakini siku iliyonifanya niipe Kijiti nafasi ya kwanza ni nyingine. Ilikuwa Ijumaa, mvua imepungua, Twalib amebaki msikitini baada ya sala, na mimi nimelala mkekani nyuma ya Bibi na Ami, nao walidhani nimesinzia. Walikuwa wakicheza, kidoa kinakwenda, kinarudi. Wote wawili walitazama mbele.

"Alikuulizia," Bibi alisema.

"Lini?"

"Siku mbili tatu kabla. Alikuwa akinywa kahawa. Akasema, Athmani angekuwapo tungepaka chokaa huu ukuta wa nyuma."

Kidoa kikaenda, kikarudi.

"Nilidhani muda upo, mama," alisema Ami.

"Hata yeye alidhani."

Mpira ukampita Ami, na mwingine, na mwingine. Kijiti chake hakikusogea. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka, nami nikafumba macho, kwa sababu sikuwahi kumwona mtu mzima mwanamume akilia. Bibi hakumgeukia. Nadhani alijua kwamba angemgeukia tu, Ami angenyanyuka akaenda zake nje. Alimsogelea kidogo, bega lake likabaki pale pale kwenye bega la mwanawe.

"Cheza, mwanangu," alimwambia. "Yaliyokuwa yamekuwa. Cheza."

Akacheza. Jioni ile walikula sinia moja, na sinia ilirudi jikoni tupu. Kesho yake Ami alinunua chokaa, akaupaka ule ukuta wa nyuma peke yake, akalivaa joho la baba yake kwenda nalo sala ya magharibi.

Eda ilipokwisha, Bibi alioga, akafukizwa udi, akavaa leso mpya, akaenda Mambrui kumzuru dada yake. Kijiti hakukigusa tena. Tulipomwalika alisema ana kazi, na kweli alikuwa nazo. Ami alirudi Dubai kumaliza mkataba, lakini Idi iliyofuata aliposema anakuja, alikuja. Baadaye akarudi kabisa, akafungua duka la kutengeneza redio karibu na soko. Mashine yetu yeye mwenyewe aliifufua mara kadhaa, mpaka hewa ya pwani ikazila nyaya zake zote zikawa kijani. Na Bibi alipotutoka, miaka mingi baadaye, Ami ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.

Siku hizi gemu ni nzuri kuliko zetu, sibishi. Watoto wa mtaani kwangu wana simu zenye rangi za kushinda maua, wanacheza na mtu aliyeko China wasiyemjua jina, kila mmoja na waya wake masikioni, na mtaa umetulia mpaka unasikia kuku akitembea. Sishiki bakora. Nawaonea huruma kidogo tu, kwamba hawana wa kumlaumu wakishindwa.

Binti yangu wa kwanza yuko Doha, muuguzi. Ananipigia simu ya picha kila Ijumaa, nami namwona uso mzima, hata kipele kilichomtoka kidevuni. Tunaulizana hali, tunaulizana chakula, kisha tunatazamana. Najua ana jambo, naye anajua kwamba najua. Lakini ule uso unaonikodolea macho kwenye kioo unaninyamazisha, na wangu unamnyamazisha yeye, mpaka mmoja wetu aseme mtandao si mzuri leo. Hapo ndipo ninapotamani tungekuwa tumekaa pamoja chumba kimoja, mimi naye, tukatazama kitu kingine.